Geji ya busti kwenye gari la turbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanalenga zaidi magari ya petroli yenye turbo yanayoingia kutoka Japani, Subaru zikiwa mbele kwa kuwa wenye nazo ndio wanaouliza sana. Dizeli, Mercedes Kompressor na Subaru Legacy za turbo mbili zina sehemu yao mwishoni.

## Mambo ya msingi

Geji ya busti inapima nini hasa?

Inapima presha ya hewa iliyomo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, kwa kuilinganisha na presha ya hewa ya nje. Sifuri maana yake ndani na nje ni sawa. Sindano ikiwa chini ya sifuri, injini inanyonya hewa kupitia throto (kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta) iliyofungwa au iliyofunguka kidogo. Ikivuka sifuri, turbo inasukuma hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe, na hiyo ndiyo busti.

Kwa hiyo gari la petroli likiwa limewashwa bila kukanyagwa mafuta, sindano haitakiwi kukaa kwenye sifuri. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, injini nzima iliyoshapata moto hukaa karibu na −0.6 hadi −0.7 bar. Wengi wakiona hivyo siku ya kwanza hudhani wameuziwa geji mbovu.

Gari langu lina turbo ya kiwandani na sijabadilisha kitu. Naihitaji kweli?

Kwa kuendesha tu, hapana. Kompyuta ya gari ina sensa yake na inajua la kufanya. Faida ya geji ni kwamba inakuonyesha mabadiliko kabla taa ya injini haijawaka. Mpira wa intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) ukianza kupasuka, gari linakuwa zito kidogo kidogo, unalizoea, halafu siku moja fundi anakwambia turbo imekufa. Ungekuwa na geji ungeona kwamba namba ilishuka kutoka 0.9 hadi 0.6 ndani ya wiki moja, na turbo haifi hivyo.

Hata hivyo, kama pesa inatosha geji moja tu na gari ni Subaru ya injini za EJ iliyokwisha tembea sana, mimi ningeanza na ya presha ya oili. Busti ikipungua unachelewa kufika. Oili ikikosa presha unanunua injini.

Bar, psi, kPa, kg/cm²: nifuate ipi?

Yoyote, mradi usichanganye. Bar 1 ni kPa 100, ni psi 14.5. Kg/cm² 1 ni bar 0.98, kwa hiyo kwa matumizi ya barabarani ni kitu kilekile. Geji nyingi za Kijapani zimeandikwa "×100 kPa", na 1.0 yake ni bar moja kamili.

Za Kimarekani ndizo zinazochanganya watu: juu ya sifuri ni psi, chini yake ni inchi za zebaki. Namba 20 upande wa chini si sawa na 20 upande wa juu. Inchi 20 za zebaki ni kama bar 0.68 tu.

Ya mpira au ya umeme?

Ya mpira haina ujanja wowote. Mpira mwembamba unatoka kwenye manifoldi, unapita hadi kwenye dashibodi, na presha yenyewe ndiyo inayosukuma sindano. Ni rahisi, inajibu haraka, na waya inaohitaji ni wa taa tu. Ubaya wake ni kwamba unaingiza hewa yenye harufu ya petroli ndani ya gari, na mpira ukichomoka nyuma ya dashibodi umetoboa tundu kwenye manifoldi yako.

Ya umeme ina sensa inayobaki upande wa injini. Kinachoingia ndani ni nyaya. Ni safi zaidi, na nyingi zinakumbuka kilele cha busti. Ila ya bei ya chini sana huwa na sensa isiyoaminika, na hapo mpira unaishinda. Kati ya geji ya mpira ya jina zuri na ya umeme isiyo na jina, chukua ya mpira.

Siwezi kutumia simu na kifaa cha OBD (kile kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari)?

Unaweza, kwa kiasi. Programu inasoma sensa ya manifoldi ya gari lenyewe, inatoa presha ya nje, na kilichobaki ndiyo busti. Kwa kuangalia mara moja moja inatosha kabisa.

Mipaka yake ni mitatu. Kwanza, usomaji huja kwa kuchelewa, na kilele cha muda mfupi kinakupita. Pili, kipimo cha kawaida cha OBD cha presha ya manifoldi kinaishia kPa 255 za jumla, yaani kama bar 1.5 za busti ukiwa pwani. Gari lililoongezwa nguvu likipita hapo simu inabaki palepale. Tatu, magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayazungumzi na vifaa hivi, hata kama soketi inaingia vizuri.

## Kufunga

Nichukue presha kutoka wapi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Geji ya gharama kubwa iliyounganishwa mahali pabaya itakudanganya kila siku.

Unatafuta mpira mdogo wa kukata na kutia kiungo cha T, ili tawi moja liende kwenye geji au sensa yake: mpira unaotoka kwenye manifoldi yenyewe, baada ya throto, usiokuwa na valvu yoyote katikati. Kwenye magari mengi ya petroli mipira miwili inafaa: ule unaokwenda kwenye regileta ya presha ya mafuta, na ule mwembamba unaokwenda kwenye valvu ya kupunguza presha (inayoachia hewa ya turbo unapoachia pedali ya mafuta). Kwenye Impreza na Forester za turbo zenye intakula juu ya injini, valvu hiyo imefungwa kwa bolti kwenye intakula yenyewe, na mpira wake mdogo unaonekana mara ukifungua boneti. Ndiyo sababu mafundi wengi huuchukua huo.

Mipira ya kuacha:

Mpira wa buster ya breki, kwanza kwa sababu ni breki, pili kwa sababu una valvu ya njia moja. Ukichukulia upande usio sahihi utaona mvuto tu (sindano chini ya sifuri), busti kamwe.

Mpira wa westigeti (kilango kinachopunguza busti kwa kupitisha ekzosi pembeni mwa turbo) na wa solenoidi yake (valvu ya umeme inayoiongoza). Hapo uvujaji mdogo unabadilisha busti yenyewe, si usomaji tu. Kwenye Subaru, ndani ya mpira mmoja wa hapo kuna kipande kidogo cha chuma chenye tundu jembamba. Mtu akikata mpira, akakitupa kwa kudhani ni uchafu, gari linapoteza busti na hakuna anayejua kwa nini.

Mpira wa sensa ya manifoldi, kwa magari ambayo sensa yake ina mpira. Kompyuta inategemea usomaji huo kupanga mafuta, mwachie mwenyewe.

Na bomba lolote kabla ya throto. Huko unapima kinachotoka kwenye turbo, si kinachoingia kwenye injini.

Nitumie mpira gani, na kiungo cha T cha aina gani?

Mpira wa silikoni wa kipenyo cha ndani cha milimita 4 unafaa geji nyingi. Mpira laini wa duka la samaki wa mapambo haufai; joto la chini ya boneti linaulainisha na mvuto unaubana ukajifunga.

Kiungo cha T kiwe na kipenyo kinacholingana na mpira unaoukata. Kikiwa chembamba kuliko mpira wa awali unakinyima hewa kifaa kilichokuwa kinautumia. Kata mpira wa gari kwa wembe, si kwa plaizi, na ukate sehemu iliyonyooka. Kila mwisho ufungwe kwa klipu au kamba ya plastiki ya kufungia waya. Mvuto utaushika mpira hata bila klipu, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Busti ndiyo inayouchomoa.

Nipitie wapi kuingia ndani ya gari?

Tafuta raba iliyopo tayari kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, ile ambayo shada la nyaya za gari linapitia. Toboa raba kwa ncha kali pembeni mwa nyaya, pitisha waya mgumu wa hanga la nguo kama kiongozi, funga mpira au nyaya zako kwa tepu, kisha vuta kutoka ndani. Ukilazimika kutoboa bati, weka raba mpya kwenye tundu; ukingo wa bati utakata mpira baada ya miezi michache ya barabara za vumbi. Ndani, hakikisha kitu chochote hakigusi pedali. Kanyaga zote mpaka mwisho huku ukiangalia.

Nyaya ziungwe wapi?

Geji ya umeme kwa kawaida ina nne: umeme wa kudumu wa betri, umeme wa swichi, wa taa ndogo, na wa bodi. Rangi hubadilika kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo fuata karatasi yake, kisha thibitisha upande wa gari kwa testa. Umeme wa swichi ni ule unaokuwepo ufunguo ukiwa umewashwa na kupotea ukizimwa. Ukiunga kwenye wa kudumu kwa makosa, geji itakunywea betri usiku kucha.

Chukua kwenye kisanduku cha fyuzi kwa kutumia kichomekeo chenye fyuzi yake ndogo, ya ampea 2 au 3. Kukwangua waya wa gari na kuuzungushia wako halafu tepu si kuunga. Toa kichwa hasi cha betri kabla ya kuanza. Na soketi za manjano chini ya usukani au kwenye nguzo ya kioo ni za eabegi: usizipime, usizichomoe.

Geji ikae wapi?

Mahali unapoweza kuiona bila kugeuza kichwa. Nguzo ya kioo cha mbele ni pazuri, isipokuwa gari lina eabegi za pazia zinazofunguka kutokea hapo. Kwa gari la namna hiyo weka juu ya dashibodi au kwenye nafasi ya redio, mbali pia na kifuniko cha eabegi ya abiria.

Nitajuaje kama nimeacha uvujaji?

Maji ya sabuni hayakusaidii injini ikiwa inazunguka bila kukanyagwa, kwa sababu wakati huo manifoldi inanyonya: povu linavutwa ndani badala ya kutoka. Njia nzuri ni kuzima gari, kuchomoa upande wa T unaokwenda kwenye geji, na kuusukumia hewa polepole kwa pampu ya baiskeli hadi bar 0.5 au hivi. Sindano ikipanda na kubaki palepale, mpira wako ni mzima. Ikishuka, sasa ndipo upake sabuni. Geji ya umeme unaifanyia hivyohivyo, upande wa sensa, ufunguo ukiwa umewashwa bila injini.

Halafu washa gari usikilize. Kama mzunguko wa injini umepanda au unayumba kuliko ulivyokuwa kabla hujagusa kitu, rudi kwenye kiungo cha T.

## Kusoma namba

Busti ya kawaida ni kiasi gani?

Inategemea injini. Impreza na Forester za turbo za kiwandani nyingi huishia kati ya 0.7 na 1.0 bar, STI (matoleo yenye nguvu zaidi) hupita hapo. Toyota 1JZ-GTE ambayo haijaguswa hukaa karibu na 0.7.

Cha maana kuliko namba ya mtu mwingine ni namba ya gari lako likiwa zima. Wiki ya kwanza, kwenye mlima mrefu uliotulia, gia ya tatu, kanyaga mafuta yote na mwenzako asome. Andika. Usipime gia ya kwanza; injini inamaliza mzunguko kabla turbo haijashika vizuri.

Nipo Nairobi. Kwa nini namba zangu hazifanani na za jamaa wa Dar?

Kwa sababu sifuri yenu si moja. Usawa wa bahari hewa ina presha ya kPa 101. Nairobi au Mbeya, karibu mita 1,700 juu, ni kama 83. Arusha ni katikati, kama 86. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, ndani ya manifoldi mna presha inayokaribiana popote ulipo, tuseme kPa 33. Dar utasoma −0.68, Nairobi utasoma −0.50. Gari lako halina ugonjwa. Fundi anayekwambia "mvuto umepungua, valvu zimechoka" kwa kusoma jedwali lililoandikiwa usawa wa bahari anakutafutia gharama.

Upande wa busti, hesabu inageuka. Magari mawili yakionyesha 0.8 yote, la Dar lina jumla ya bar 1.81 ndani ya manifoldi, la Nairobi 1.63. Ni upungufu wa kama asilimia 10 ya hewa, huku sindano zimesimama mahali pamoja. Ukijaribu kuufidia kwa kupandisha busti, kumbuka turbo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kubana hewa nyembamba.

Kuna kituko kimoja. Baadhi ya geji za kidijitali hazipimi hewa ya nje. Zinaondoa kPa 101 kwenye kila usomaji, popote zilipo. Hizo ukiziwasha Nairobi injini ikiwa imezimwa zinaonyesha −0.18, na busti yote inasomeka pungufu kwa kiasi hichohicho. Kabla ya kununua, angalia kama inajipanga sifuri yenyewe kila inapowashwa.

Busti haifiki pale ilipokuwa. Nianzie wapi?

Anza na vya bei rahisi. Mipira ya intakula na klipu zake, hasa upande wa chini ambao hauonekani: pitisha vidole, utahisi oili na ufa. Kisha kichujio cha hewa, valvu ya kupunguza presha isiyofunga vizuri, mipira ya westigeti, na uvujaji wa ekzosi kabla ya turbo, ambao unausikia kama mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi. Turbo yenyewe iwe ya mwisho. Na kama upungufu ulianza siku uliyofunga geji, soma tena swali la mahali pa kuchukulia presha.

Imepita kawaida, na gari linakata ghafla kama limepigwa breki.

Usiendelee kukanyaga. Subaru na magari mengine mengi hukata mafuta yenyewe busti ikipita mpaka, ili kuokoa pistoni. Mara nyingi mpira wa westigeti umechomoka au kupasuka, kwa hiyo westigeti haipati habari ya kufunguka. Endesha polepole, sindano ikae chini ya sifuri, hadi upate mpira wa mita moja na klipu.

Sindano inatetemeka.

Mtetemo mdogo wa haraka kwenye geji ya mpira ni mapigo ya injini, na kipunguza mapigo kidogo ndani ya mpira kinautuliza. Mtetemo mkubwa unaofuata mdundo maalumu, gari likiwa linamisi pia, ni wa injini: plagi, koili au valvu.

Inakaa chini ya sifuri siku zote, au haishuki kabisa.

Ya kwanza: umechukulia nyuma ya valvu ya njia moja. Ya pili, kwa petroli: umechukulia kabla ya throto. Kwa dizeli, endelea kusoma.

## Dizeli, Kompressor na mengine ya pembeni

Nina Hilux ya dizeli. Sindano imekufa kwenye sifuri nikiwa nimesimama.

Ndivyo inavyotakiwa. Dizeli haidhibiti nguvu kwa kufunga hewa, kwa hiyo hakuna mvuto wa maana. Zile mpya zenye kilango cha hewa huonyesha kidogo tu. Nunua geji ya upande wa busti pekee, sifuri hadi bar 2 au 3, upate nafasi pana ya kusoma.

Land Cruiser ya 1HZ iliyoongezwa turbo inahitaji hiyo tu?

Hapana. 1HZ ilitoka kiwandani bila turbo, na hatari yake kubwa baada ya kuongezwa ni joto la ekzosi pale fundi anapomimina mafuta ili moshi uonekane. Funga geji ya joto la ekzosi pamoja na ya busti. Ikibidi kuchagua, chagua ya joto.

Legacy ya turbo mbili: busti inaporomoka katikati halafu inapanda tena.

Kwenye Legacy GT na B4 za EJ20 za turbo mbili, turbo ya pili huingia kazini injini ikiwa kwenye mizunguko ya 4,000 na kitu. Wakati wa kukabidhiana sindano hushuka kwa muda mfupi. Ikishuka ikapanda, ni tabia ya gari. Ikishuka isirudi, turbo ya pili haijaingia, na kwa kawaida chanzo ni solenoidi au msitu wa mipira myembamba inayoziendesha, mingi ikiwa imekauka kwa umri. Kwenye gari hili geji inastahili kila shilingi.

Mercedes Kompressor na Golf ya 1.4 TSI?

Kanuni ileile: kwenye manifoldi, baada ya throto. Kompressor inaendeshwa na mkanda, kwa hiyo sindano hupanda mara tu unapokanyaga. Golf za 1.4 zenye vyote viwili, kompresa ya mkanda na turbo, hukabidhiana bila bonde kama la Legacy. Ukiona bonde kubwa, kagua klachi ya kompresa.

Naweza kugawa mpira mmoja kati ya geji na kidhibiti cha busti?

Cha umeme, ambacho sensa yake inasoma tu, unaweza, mpira ukiwa mfupi. Cha mkono, hapana: hicho kinakaa kwenye mpira wa westigeti, na hapo geji haina kazi.

Nimepata geji nzuri ya Kijapani kwenye vyuma chakavu.

Uliza sensa na waya wake viko wapi kabla hujatoa pesa. Geji za chapa ya Defi za mfumo wa Link, kwa mfano, haziwaki bila kisanduku chake cha kudhibiti. Sensa ya chapa nyingine hata ikiingia kwenye soketi haitasoma sawasawa. Ya mpira unaweza kuijaribu palepale: nyonya kwa mdomo kwenye tundu la nyuma, sindano ishuke, uachie, irudi sifuri bila kubembelezwa.